Jokofu limegoma Februari hii, na ndani kulikuwa na insulini, maziwa ya mtoto na samaki

Mama wa Chikongola (Mtwara)

Ndugu zangu, habari za leo na poleni na joto. Naandika nikiwa Chikongola, Mtwara mjini, kuomba ushauri wa haraka. Jana saa tatu usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya tatu sote tulikuwa tumelala. Leo saa kumi na mbili asubuhi nilipoingia jikoni nilikanyaga maji. Taa ya ndani ya jokofu inawaka kama kawaida, lakini ule mngurumo niliouzoea haupo. Kinachosikika kwa nyuma ni mlio mfupi, "tak", kisha kimya cha dakika chache, kisha "tak" nyingine, na kile chuma cheusi kilicho chini kina moto kiasi kwamba mkono haukai.

Ningekuwa peke yangu nisingehangaika sana, ila nyumba hii ina watu wa kuangaliwa. Mama mkwe wangu ana miaka 68, ana kisukari, na anachoma insulini asubuhi na jioni. Ana chupa mbili, moja aliifungua wiki iliyopita na nyingine haijaguswa. Mwanangu mdogo ana miezi 7, na kwa kuwa naondoka saa mbili asubuhi na kurudi saa nane mchana, humwachia dada wa nyumbani maziwa niliyojikamua. Kisha kuna chakula. Jana nilinunua soko la samaki la Feri vibua kilo tatu na kipande cha jodari cha kilo mbili, nikijua vitatufikisha Ijumaa. Vibua vilikuwa sehemu ya kugandisha, na vile vya katikati ya mfuko bado vina barafu. Jodari alikuwa rafu ya chini na sasa ni vuguvugu. Umo pia mchuzi wa nazi na wali uliobaki jana mchana.

Mama mkwe anasema jodari akikaangwa mpaka akauke na kukamuliwa ndimu nyingi hana madhara, naye amepika samaki kabla mimi sijazaliwa. Sitaki kumvunjia heshima, na sitaki pia kumlisha mtu kitu cha kumdhuru. Baba watoto yuko kazini Kilwa hadi mwisho wa mwezi, na ada za Januari zimetumaliza, kwa hiyo jokofu jipya si jambo la kuzungumzia sasa. Naomba mnieleze nini kitupwe, dawa ikae wapi, na tutaishije wiki hizi bila ubaridi katika mwezi kama huu, ambao hata chumvi inalowa ndani ya kopo.

Muuguzi wa Newala

Dada, pole sana. Najibu haraka kwa yale yasiyongoja.

Anza na jodari: mtupe, na usimpe paka wala kuku. Jodari, vibua, nguru na jamaa zao wana katika nyama yao kitu kiitwacho histidini, na samaki hao wakikaa kwenye joto, bakteria hukigeuza kuwa histamini. Histamini ikishajijenga haiondoki kwa kukaanga, kwa kuchemsha wala kwa ndimu. Moto unaweza kuwaua bakteria walioitengeneza, lakini sumu yenyewe hubaki. Mlaji huona uso unawaka na kuwa mwekundu, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, ngozi inawasha, na wengine hutapika na kuharisha, mara nyingi ndani ya saa moja hivi baada ya kula. Kinachowahadaa watu ni kwamba samaki huyo anaweza asinuke hata kidogo. Mweleze mama kwa upole kwamba uzoefu wake ni wa samaki aliyetoka baharini akaingia chunguni siku hiyohiyo, na huyo kweli hakumdhuru mtu, ila huyu wako amelala saa tisa ndani ya sanduku lililofungwa lisilo na baridi.

Vibua vyenye barafu ngumu katikati bado vina ubaridi wa kutosha, kwa hiyo vitoe matumbo na uvipike asubuhi hii, vyote, bila kuacha hata kimoja cha jioni. Vilivyokwisha kulegea na kupata uvuguvugu vifuate alikokwenda jodari. Wali na mchuzi wa nazi vitupe. Watu wengi huona wali ni kitu kisicho na hatari, kumbe kuna bakteria wa nafaka ambaye mbegu zake hustahimili kuchemka; wali ukikaa na uvuguvugu mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuiondoi. Kanuni tunayoifundisha ni kwamba chakula kinachoharibika kisizidi saa mbili nje ya baridi, na joto likipita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Jokofu lililozimika hushika baridi yake kwa takribani saa 4 tu, tena kama mlango haujafunguliwa.

Sasa dawa, ambayo ndiyo iliyonifanya niache kazi nyingine nikuandikie. Usiitupe na usiogope. Insulini ambayo haijafunguliwa huwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, lakini iliyofunguliwa, kwa aina nyingi, inaweza kukaa nje kwa siku 28 mradi joto lisipite nyuzi 30. Soma karatasi iliyomo ndani ya pakiti, kwa sababu zipo zenye muda tofauti. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitumia viwango vya joto vilivyopimwa katika nyumba za kambi ya wakimbizi kule Dadaab, Kenya, yaani kati ya nyuzi 25 na 37, na wakakuta kwamba insulini walizozipima zilibaki na nguvu yake kwa wiki nne. Nakueleza hili ili usilale macho, wala si ili uiache chupa dirishani.

Chukua kalamu sasa hivi, uandike juu ya chupa iliyofunguliwa tarehe iliyofunguliwa. Ile nyingine ipeleke kwa jirani unayemwamini mwenye jokofu zima, au uulize katika kituo mnachopata dawa kama wanaweza kukutunzia. Ikishindikana ikae nje, lakini iandike tarehe ya leo na uihesabie siku zake kuanzia leo, hata kama haijatobolewa. Iliyo nyumbani iwekwe mahali penye kivuli na upepo, mbali na jiko, mbali na paa la bati, na isiguse barafu kamwe, kwa kuwa insulini iliyoganda imekufa hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Kama ni ile ya rangi ya maji na ukaiona ina ukungu, au kama ni ile nyeupe na ukaiona ina mabonge yasiyochanganyika, isitumike. Na mama apimwe sukari mara nyingi zaidi wiki hizi; kipimo kikianza kupanda bila sababu, mpeleke hospitali na chupa yake.

Maziwa ya jana mwaga, ingawa najua uchungu wake. Maziwa ya kukamua hukaa saa 4 katika chumba cha nyuzi 25, na chumba chako leo kimezidi hapo. Lakini mtoto wa miezi 7 anakula: mnyonyeshe ashibe kabla hujatoka, dada wa nyumbani ampe kwanza maziwa uliyokamua asubuhi hiyo, ndani ya saa mbili, na baadaye uji mpya wa moto. Jambo jingine ambalo akina mama wengi hawaambiwi ni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kwenda kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Chikongola si mbali na mjini. Zungumza na mkuu wako wa kazi.

Fundi wa Baridi (Lindi)

Dada, kabla ya yote chomoa plagi, na usiirudishe mpaka fundi afike. Hiyo "tak" unayoisikia ni jokofu linalojaribu kuamka na kushindwa, na kila jaribio linaichosha mota.

Chuma cheusi ulichokigusa ni kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi izunguke kwenye mabomba. Mota yake haiwezi kuanza peke yake. Husukumwa na kifaa kidogo kilichochomekwa ubavuni kiitwacho rilei, na pembeni yake kuna kinga inayokata umeme mota ikipata moto kupita kiasi. Umeme ukikatika na kurudi upesi, gesi ya upande mmoja bado ina shinikizo kubwa, mota inataka kuzunguka na haiwezi, inavuta umeme mwingi, inapata moto, na kinga inakata: tak. Ikipoa kidogo inaunga tena, na hadithi inaanza upya. Mchezo huo ukiendelea usiku kucha, kinachokufa mara nyingi ni rilei, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa. Nimeshabadilisha nyingi, hasa miezi hii ya mvua. Fundi akiichomoa, mwombe aitikise karibu na sikio lako: ikilia kama njuga, kidonge cha ndani kimevunjika na ugonjwa umeonekana. Ikiwa rilei ni nzima, apime kapasita (kifaa kingine cha kuisaidia mota kuanza) kama lipo, kisha apime nyaya za kompresa kwa mita, na hapo ndipo aseme kompresa imekufa au haijafa.

Naomba nikazie hapa, kwa sababu naona watu wakiumizwa. Fundi akiingia na kusema "gesi imeisha" kabla hajapima kitu, mshukuru na umsindikize mlangoni. Gesi ya jokofu haitumiki ikaisha kama ya jiko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake pana tundu. Anayejaza gesi bila kutafuta tundu anakuuzia baridi ya wiki mbili. Kazi sahihi ni kutafuta panapovuja, kuziba, kubadilisha kichujio, kunyonya hewa yote kwa pampu, ndipo kujaza gesi kwa kupima gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha jokofu. Kibandiko hichohicho kinataja aina ya gesi, na R134a haichanganywi na R600a. Hii ya pili inawaka moto, kwa hiyo ikibidi kufungua mabomba, kazi ifanyike uani, na jiko la mkaa lisiwe karibu.

Sisi wa pwani tuna adui wawili wa ziada. Mmoja ni hewa ya chumvi, inayokula mabomba ya nyuma taratibu mpaka yanatoboka; yafute vumbi na unyevu angalau mara moja kwa mwezi, na uache nafasi ya kiganja kati ya jokofu na ukuta. Wa pili tunamleta wenyewe, naye ni kisu cha kuchokonoa barafu iliyoganda. Nimeletewa majokofu mazuri, hayana hata miaka miwili, yametobolewa kwa ncha ya kisu na mtu aliyekuwa na haraka ya kutoa kipande cha nyama.

Bibi wa Mikindani

Mwanangu, pole, na mkweo mfikishie salamu zangu. Nimelea watoto sita hapa Mikindani, na jokofu liliingia nyumbani kwangu kitinda mimba akiwa ameshaolewa. Hatukulala njaa.

Kuhusu huyo jodari, nakiri kwamba mimi pia ningemkaanga. Lakini niliposoma maneno ya muuguzi nilikumbuka harusi moja ya zamani, ambayo wageni wa chumba kimoja walivimba nyuso na kuwashwa mwili baada ya kula pilau ya samaki, na sisi tukasema ni husuda ya mtu. Samaki alikuwa jodari, na alikuwa amelala.

Bila jokofu, nyumba hununua kwa siku. Nenda Feri mashua zinapoingia, chukua kinachotosha mlo mmoja, na uwaombe wakutolee matumbo na matamvua hapohapo, kwa sababu samaki huanzia kuoza tumboni. Ukifika nyumbani usimweke chini. Mpake chumvi, mweke motoni. Akizidi, mbanike. Samaki aliyebanikwa taratibu juu ya uchaga, moto mdogo, moshi mwingi, mpaka maji yamtoke, hufika siku ya pili bila wasiwasi, mradi jioni na asubuhi umrudishe tena kwenye moshi.

Ukitaka wa kukaa zaidi, tengeneza ng'onda. Mpasue samaki mgongoni afunguke kama kitabu, mchanje nyama kwa ndani ili chumvi ipenye, mwoshe kwa maji ya chumvi, kisha mkandike chumvi ya mawe. Sisi tulikisia pishi kwa jicho, lakini mjukuu wangu aliyepima aliniambia ni kama kilo moja ya chumvi kwa kilo tatu za samaki. Alale usiku kucha kwenye chombo kilichoinamishwa ili maji yamtoke, na asubuhi umpandishe kwenye chanja juani chini ya wavu wa nzi. Siku tatu za jua kali zinatosha. Mwezi huu wa mvua sikushauri ukaushe wengi, maana wingu likikaa siku nzima ng'onda huota uvundo. Fanya wawili watatu na uwaingize ndani mawingu yakijikusanya. Chagua changu au tasi, si samaki wa mafuta.

Nazi usiikune mapema. Tui likikamuliwa saa nne, saa nane limeanza kuchacha, na mchuzi wake ndiyo hivyohivyo. Ikune nazi ya chungu kimoja tu, mle, chungu kioshwe. Kunde, mbaazi na choroko ndizo rafiki zako wiki hizi, hazihitaji baridi ya mtu. Nyanya, vitunguu, ndimu na mayai vilikuwa vikipewa heshima ya bure humo jokofuni. Weka kwenye ungo mahali penye hewa. Mchicha usimamishe kwenye bakuli la maji kama maua. Na chakula kilichopikwa mchana kwa ajili ya anayechelewa kifunikwe kawa na kitundikwe kwenye susu, asije paka akakupunguzia hesabu, lakini kiliwe ndani ya zile saa mbili za muuguzi.

Dawa ya mkweo iweke kwenye mtungi. Bibi yangu aliweka mtungi wake juu ya mchanga mbichi pembeni mwa mlango wa uani, na wakati wa kusi maji yake yalikuwa yakiuma meno. Chagua mtungi wa udongo mtupu. Uliopakwa rangi haupumui.

Muuza Juisi (Lindi)

Nina jambo dogo la kuongeza kwa dada, kwa kuwa nimeuza juisi na maji baridi stendi kwa miaka sita na ninaishi kwa deli, lile sanduku la kutunza baridi. Barafu ikiwekwa juu inafanya kazi kuliko ikiwekwa chini, kwa sababu hewa baridi hushuka. Nunua bonge moja kubwa badala ya vifuko vingi, maana kipande kikubwa huyeyuka polepole. Lifunge kwenye gunia safi, na deli lenyewe ulizungushie blanketi au ulizike nusu kwenye sanduku la maranda ya mbao. Lifungue mara mbili tu kwa siku. Mimi hupata baridi ya siku nzima na usiku wake kwa bonge la asubuhi. Humo yatakaa maziwa ya mtoto na samaki wa jioni, kila kimoja kwenye chombo chake kilichofungwa, samaki chini na maziwa juu, ili maji ya samaki yasije yakamfikia mtoto.

Fundi wa Baridi (Lindi)

Bibi, shikamoo. Mtungi nauheshimu, na kazi yake ndiyo ileile ya mashine zangu: kinachopoza ni maji kugeuka mvuke. Lita moja ya maji ikikauka kabisa hubeba joto linalozidi lile la kuchemsha lita tano kutoka ubaridi wa barafu. Mwalimu mmoja wa kaskazini mwa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, alitunukiwa Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuweka chungu ndani ya chungu na kujaza mchanga mbichi katikati. Bilinganya zilizokuwa zikioza kwa siku 3 zilifika siku 27.

Ila naomba dada azingatie neno alilolisema Bibi mwenyewe, "wakati wa kusi". Kusi kwetu ni kikavu, na maji hukauka upesi juu ya udongo. Sasa ni kaskazi na mvua, hewa imeshiba maji, na chumvi ya dada inalowa kwenye kopo. Hewa ya namna hiyo haipokei mvuke mwingi, kwa hiyo mtungi utapoza, lakini nyuzi chache tu. Newala, juu kwenye tambarare ya Makonde, huenda ungefanya vizuri kuliko pwani. Usiamini mkono: nunua kipimajoto cha chumbani, kiweke ndani ya chungu, ukisome saa nane mchana. Kikizidi 30, tumia deli, na dawa uifunge kwenye taulo ndani ya kopo la plastiki ili isiguse barafu.

Mama wa Chikongola (Mtwara)

Ndugu zangu, leo ni siku ya kumi na mbili na nimeona si vema kunyamaza.

Jodari tulimzika chini ya mpapai. Nilimsomea mama mkwe maneno ya muuguzi na yale ya Bibi kuhusu harusi, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza harusi hiyo ilikuwa ya ukoo gani. Hakuvitaja tena vitu vya kukaanga mpaka vikauke.

Vyungu viwili nilivipata sokoni, cha ndani kina mdomo mpana unaoingia kopo la dawa. Nilijaza mchanga, nikaumwagia maji mpaka ukalowa wote, nikafunika kwa kipande cha gunia kibichi na kuviweka ukumbi wa nyuma ambako upepo wa bahari hupita. Siku ya kwanza kipimajoto kilisoma 31 ukumbini na 28 ndani ya chungu, saa nane mchana. Siku ya tano, mvua ikiwa imetanda na upepo umesimama, kilisoma 30 nje na 29 ndani, kama Fundi alivyosema. Ndani ya chungu haikuvuka 30 hata siku moja. Namwagia mchanga maji alfajiri na saa sita, na mama mwenyewe ndiye anayesoma namba, anaziandika nyuma ya kalenda pamoja na vipimo vya sukari yake. Sukari haijapanda. Chupa nzima iko kwa jirani, ndani ya kopo lenye jina letu.

Kazini nimepewa saa moja ya kurudi kumnyonyesha mtoto. Niliomba kwa maandishi, nikataja sheria, na sikujibiwa vibaya. Siku mbili ambazo sikuweza kutoka, maziwa yalikaa kwenye deli juu ya samaki, kama nilivyoelekezwa.

Ng'onda nilijaribu kwa changu watatu. Wawili wamefaulu, mmoja alinyeshewa. Sikumpikia mama, kwa sababu ana presha pia na nilihofia chumvi, hata baada ya kuwaroweka na kumwaga maji mara mbili.

Fundi wa hapa alikuja siku ya tisa. Nilimwomba aichomoe rilei na kuitikisa; ililia kama njuga. Alibadilisha, tukasubiri, akawasha, na jokofu likanguruma. Tatizo lililobaki ni mpira wa mlango, umechanika kona ya chini na baridi inatoka, naye ameagiza mwingine Dar es Salaam. Nimenunua pia kifaa cha kwenye plagi kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme. Naomba mnifahamishe jambo moja: je, sasa nazirudisha chupa zote mbili za insulini ndani?

Muuguzi wa Newala

Nimefurahi sana, dada, na mpongeze mama kwa kuandika namba zake, kwa sababu wengi huniletea maneno "ilikuwa kawaida" bila tarehe.

Subiri kwanza siku moja na kipimajoto hicho ndani ya jokofu, uone kama rafu ya kati inasoma kati ya 2 na 8 licha ya mpira kuchanika. Ikiwa hivyo, chupa nzima itoke kwa jirani na ikae rafu ya kati, si mlangoni ambako joto hubadilika kila mlango ukifunguliwa, wala karibu na sehemu ya kugandisha. Ile iliyofunguliwa unaweza kuirudisha pia, lakini baridi haitaiongezea siku: tarehe uliyoiandika ndiyo inayoihesabia, na ikifika siku ya 28 itupwe hata kama imebaki nusu. Na vyungu usivitoe mchanga mpaka mpira wa mlango ufike.